Matundu Sita ya Betri

Fundi wa sola wa zamani katika vilima vya Gusii alianza kazi kwa kufungua vifuniko sita. Chini ya kila kifuniko palikuwa na seli moja ya betri, na kila seli ilikuwa na habari zake. Alichungulia kama maji yamezifunika pleti, akanusa, kisha akaingiza haidromita, ile chupa nyembamba ya kioo yenye mpira wa kufyonza kichwani na kielea ndani. Alivuta asidi kidogo, akasoma namba, akairudisha. Akafanya hivyo mara sita. Seli tano zikisoma 1.250 na ya sita ikasoma 1.150, mwenye nyumba alipata habari mbaya papo hapo, kabla waya wowote haujaguswa.

Betri inayouzwa leo kwa mkazi wa Masimba mara nyingi haina kifuniko hata kimoja. Imezibwa pande zote, ina vichwa viwili, karatasi yenye maandishi ya kung'aa na ahadi ya miaka mingi. Kati ya betri ile na hii kuna historia ambayo haisimuliwi sana. Habari za sola Kenya zimeandikwa kwa kuitazama paneli iliyo juu ya bati, ilhali kifaa kilichokufa mara kwa mara, kikala fedha na kuamua kama taa itawaka saa tatu usiku, kilikuwa chini ya meza sebuleni. Jinsi watu walivyojaribu kujua afya ya kifaa hicho, na jinsi viwanda vilivyoendelea kuwazibia njia za kuijua, ni sehemu kubwa ya maisha ya stima mashambani.

Masimba ni kituo cha soko katika Nyaribari Masaba, Kaunti ya Kisii, si mbali na Keroka na mpaka wa Nyamira. Nchi hii iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mashamba madogo ya chai, ndizi, mahindi na mboga yamebanana hadi ukingoni mwa barabara. Hakuna msimu mrefu wa kiangazi. Mvua hunyesha karibu kila mwezi. Asubuhi jua huwaka vizuri. Alasiri, upepo wa Ziwa Victoria unapokutana na ule wa mashariki juu ya vilima, mawingu hujaa, na mara nyingi ngurumo, radi na mvua ya mawe hufuata. Majani chai hustawi kwa hali hiyo. Betri ya risasi huugua kwayo, kwa sababu inataka kujazwa kabisa kila inapotumiwa, na alasiri yenye mawingu huikatiza chaji kabla haijafika juu.

Kabla ya sola yalikuwako mawe ya redio. Kiwanda cha Eveready kilifunguliwa Nakuru mwaka 1967 na kikaendelea hadi 2014, na kwa miaka mingi betri zake kavu zilifika karibu kila duka la kijijini. Hata hizo zilikuwa na vipimo vyake. Sauti ya redio ikianza kufifia, mawe yalitolewa na kuanikwa juani, au yakabanwa kwa meno, na kweli sauti ilirudi kwa muda: joto huharakisha mabadiliko ya kikemia ndani, na kubanwa husogeza viini vilivyokauka vikagusana tena. Watu wengi walijifunza hapo kwanza kwamba nguvu iliyohifadhiwa huisha polepole, na kwamba mwisho wake huonekana kwenye kazi kabla ya kuonekana kwenye kifaa.

Betri ya gari ilikuja na televisheni. Televisheni ilianza kurusha picha Kenya mwaka 1962, na katika miaka ya 1970 na 1980 runinga ndogo za nyeusi na nyeupe zinazotumia volti 12 zikaenea mashambani ambako nyaya za stima hazikuwa zimefika. Mwalimu, mwenye duka au mkulima mwenye fedha za chai alinunua runinga na betri pamoja. Nguvu ikiisha, betri ilibebwa begani, kwa baiskeli au kwa wilibaro hadi kituo chenye stima, jenereta au kinu cha posho, ikaachwa hapo usiku kucha, ikarudishwa nyumbani kesho yake. Kazi ya kuchajia watu betri ikawa riziki ya kweli katika vituo vya soko nchini kote.

Mwenye chaja naye alikuwa na kipimo chake: cheche. Aligusisha waya au spana kwenye vichwa viwili vya betri na kutazama. Cheche kali ya buluu ikiruka, alisema betri ni nzima. Ikitoka nyekundu na dhaifu, alisema imechoka. Jaribio hilo lilipendwa kwa sababu lilichukua nukta moja tu na halikuhitaji kifaa chochote. Lilikuwa hatari pia. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche karibu na matundu yake inaweza kulipua sanduku na kumwagia mtu asidi ya salfuriki usoni.

Tatizo kubwa zaidi la cheche ni kwamba ilijibu swali la gari. Betri ya kuwashia gari hutengenezwa kwa pleti nyingi nyembamba, ili uso mkubwa wa risasi uguse asidi na mkondo mkubwa utoke kwa sekunde chache; mara injini inapowaka, alteneta huirudishia kilichotoka. Betri ya kazi ya nyumbani inatakiwa kutoa mkondo mdogo kwa saa nyingi, ishuke chini sana, ipande, ishuke tena kesho. Hiyo inahitaji pleti nene, zenye antimoni ndani ya risasi ili ziwe ngumu, na nafasi chini ya sanduku ya kupokea unga unaodondoka. Betri ya gari iliyochoka kwa runinga bado inaweza kurusha cheche nzuri. Inachokosa ni uwezo wa kuendelea, na cheche haipimi kuendelea.

Mwaka 1984, Mark Hankins, kijana Mmarekani wa kujitolea wa Peace Corps aliyekuwa akifundisha Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, Meru, alihusika katika uamuzi uliobadilisha mambo. Shule ilikuwa ikifikiria kununua jenereta. Harold Burris, mhandisi Mmarekani aliyeanzisha biashara iliyoitwa Solar Shamba, akaonyesha kwamba taa za sola zingefaa zaidi. Madarasa yakawashwa, mafundi wa hapo wakafunzwa kwa vitendo, na mmoja wao, Daniel Kithokoi, baadaye akawa miongoni mwa watu waliojenga taaluma hiyo nchini. Wakulima wa kahawa wa kando ya Mlima Kenya waliona taa hizo wakazitaka majumbani mwao. Soko lililozaliwa hapo halikuanzishwa na serikali wala shirika la misaada. Lilikuwa la watu wenye mazao ya kuuza na mishahara ya ualimu, na likaenea katika nyanda za juu hadi kwenye chai ya magharibi.

Hankins aliandika vitabu vya mafunzo, kikiwamo mwongozo wa mifumo midogo ya sola kwa Afrika uliotoka mwaka 1991. Sehemu kubwa ya mafundisho ya aina hiyo ilihusu betri: kuijaza maji safi, kuisoma kwa haidromita, kuiandikia daftari. Shuleni jambo hilo liliwezekana. Nyumbani lilikuwa gumu, kwa kuwa paneli iliuzwa dukani kaunta moja na runinga, na betri ikachukuliwa ile iliyopo. Associated Battery Manufacturers wa Nairobi, watengenezaji wa betri za Chloride Exide, walikuja kutoa betri ya sola yenye pleti nene kidogo na asidi nyingi zaidi kuliko ya gari. Haidromita haikuwekwa kwenye furushi. Mnunuzi alipewa kifaa chenye maisha ya kuhesabika bila chombo cha kuhesabia.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 na Robert van der Plas na Hankins ulitazama mifumo 410 ya majumbani nchini Kenya. Mingi haikuwa na kidhibiti cha chaji, kile kisanduku kinachozuia betri kujazwa kupita kiasi au kukamuliwa hadi tone la mwisho. Kwa mafundi wa wakati huo sababu ilikuwa bei. Kidhibiti kiligharimu fedha na hakikuwasha taa yoyote, hivyo mnunuzi alikiacha kwanza.

Hesabu ya nyumba ya kawaida ya miaka hiyo inaonyesha kilichofuata. Paneli ndogo ya wati 14 ikipata jua kali la saa tano kwa siku hutoa saa-wati 70, kabla ya kupunguza kinachopotea kwenye nyaya na ndani ya betri yenyewe. Runinga ya wati 15 kwa saa tatu hula 45. Taa moja ya wati 8 kwa saa nne hula 32. Jumla ni 77. Hata siku ya jua zuri matumizi yamepita mapato, na siku ya mawingu ya Gusii mapato yanaweza kuwa nusu. Betri ilibeba upungufu huo kama daftari la mkopo dukani: kila jioni deni dogo, hakuna jioni ya kulilipa lote.

Kilichotokea ndani ya sanduku kilikuwa kazi ya kemia. Betri ya risasi inapotoa nguvu, salfeti ya risasi hujitengeneza juu ya pleti zote mbili. Inapojazwa, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi kuwa risasi, oksidi na asidi. Ikiachwa bila kujazwa kwa siku na wiki, fuwele zake hukua na kuganda, na chaji ya kawaida haiziyeyushi tena. Sehemu hiyo ya pleti imekufa. Betri ya saa-ampea 50 inakuwa ya 30, kisha ya 15, ingawa kwa nje ni ileile. Asidi nayo hujitenga, nzito ikizama chini na nyepesi ikibaki juu, kwa sababu chaji haifiki kiwango cha kuchemsha maji kwa mapovu na kuyachanganya.

Ndiyo maana ufundi wa kupima ulikuwa na uzito mkubwa katika vilima hivi kuliko katika nchi kavu yenye jua. Fundi mwenye uzoefu alijua kwanza saa ya kufika. Akija saa sita mchana jua likiwa juu ya paneli, mita yake ingeonyesha volti 13 na zaidi hata kwa betri mbovu, kwa kuwa anapima msukumo wa chaji. Alipaswa kuikata betri kutoka kwa paneli na taa, aiache ipumzike saa kadhaa, ndipo apime. Betri ya risasi iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6 hadi 12.7; ikiwa nusu, 12.2; ikiwa tupu, 11.9 au chini. Tofauti kati ya kushiba na njaa haifiki hata volti moja, na mita ya bei nafuu yenye mshale inaweza kukosea kwa kiasi hichohicho.

Haidromita ilikuwa na ukweli zaidi. Asidi iliyojaa nguvu ni nzito, takriban mara 1.265 ya uzito wa maji; betri ikiwa nusu hushuka karibu 1.190, na ikiwa tupu karibu 1.120. Kuna uhusiano rahisi ambao mafundi waliosoma waliutumia kujikagua: namba ya haidromita ukiiongezea 0.84 unapata volti ya seli moja. Kwa hiyo vipimo viwili vilishuhudiana, na visipopatana, fundi alijua kuna kilichofichika.

Ubaridi wa Gusii uliongeza jambo lake. Haidromita nyingi zimepangwa kusoma sawasawa kwenye joto la kama nyuzi 27 za Selsiasi. Asidi ikiwa na nyuzi 15, kama asubuhi ya mwezi wa saba, inakuwa nzito zaidi kwa baridi tu, na kielea huelea juu zaidi. Namba 1.220 iliyosomwa hapo inapaswa kuhesabiwa kama 1.212. Ni tofauti ndogo, lakini siku zote inaegemea upande wa kuisifu betri, na hapohapo betri baridi hutoa saa pungufu kidogo. Kuna faida pia: joto ndilo muuaji mkuu wa betri, na kila nyuzi kumi zinazoongezeka hukata maisha yake karibu nusu, kwa hiyo betri iliyotunzwa vizuri Masimba ina sababu ya kuishi muda mrefu kuliko dada yake ya Mombasa.

Macho na pua vilifanya kazi kabla ya namba. Asidi yenye rangi ya kahawia ilimaanisha pleti zinamomonyoka. Harufu ya yai bovu ilimaanisha seli inayoteswa kwa chaji. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa ulizuia mkondo na kuifanya betri nzima ionekane mgonjwa. Maji ya moto na magadi yaliuondoa, na fundi mwaminifu alifanya hivyo kabla ya kumuuzia mtu betri mpya. Volti 10.5 zilizokataa kupanda zilikuwa na maana moja kwa kila aliyejua: seli moja kati ya sita imekufa, maana kila seli huchangia volti 2.1.

Maji nayo yaliua betri nyingi. Kinachopungua ndani ya betri ni maji, asidi inabaki. Lakini dukani chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi zilikaa rafu moja, na wako waliojaza asidi wakidhani wanaongeza nguvu. Haidromita ilisoma juu siku hiyo, mwenye betri akafurahi, na pleti zikaliwa. Wengine walitumia maji ya mvua kutoka kwenye bati, yaliyobeba chembe za chuma na zinki. Palikuwa pia na imani kwamba betri isiwekwe juu ya sakafu ya saruji kwa kuwa saruji hunyonya nguvu, ndipo nyumba nyingi zikaiweka juu ya kipande cha ubao. Imani hiyo ilikuwa na asili ya kweli katika masanduku ya mbao na mpira ya mwanzo wa karne ya 20, yaliyovuja. Kwa sanduku la plastiki haina msingi tena, ingawa ubao haudhuru.

Masanduku hayo ya kale ndiyo yanayoonyesha mwelekeo wa historia yote. Gaston Planté, Mfaransa, alitengeneza betri ya kwanza ya risasi inayochajiwa tena mwaka 1859, kwa karatasi mbili za risasi zilizoviringishwa ndani ya asidi. Mfaransa mwingine, Camille Faure, alibuni pleti za kupakwa mwaka 1881, na uwezo ukaongezeka sana. Kwa miongo mingi baadaye kila seli ilionekana: viungo vya risasi kati ya seli moja na nyingine vilipita juu ya sanduku, wazi, vikizungukwa na lami. Fundi wa gereji alikuwa na chombo chenye meno mawili aliyoyachomeka kwenye viungo hivyo, akaipa kila seli mzigo mzito na kutazama mshale. Seli mbovu ilitambulika peke yake, na ilikuwa desturi kuyeyusha lami, kuitoa na kuibadilisha.

Kuanzia miaka ya 1960 na 1970, masanduku ya plastiki ya polipropilini yalichukua nafasi. Yalikuwa mepesi, hayakuvunjika kirahisi, na viungo vya seli vilipita ndani ya kuta. Ni maendeleo ya kweli. Lakini chombo cha meno mawili hakikuwa na mahali pa kuuma tena, na kubadilisha seli moja kukaisha. Yalibaki matundu sita na haidromita.

Kisha matundu yakazibwa. Betri za jeli na za mkeka wa nyuzi za kioo, zilizobuniwa Ulaya na Marekani kati ya miaka ya 1950 na 1970, hazihitaji maji wala hazimwagiki. Zilitumika kwanza kwenye simu, hospitali na kompyuta, kisha zikafika katika maduka ya sola. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, betri isiyomwaga asidi ni afadhali kubwa. Fundi alibakiwa na volti peke yake, ile njia yenye makosa mengi kuliko zote.

Ajabu ni kwamba wakati huohuo ulimwengu wa wataalamu ulikuwa ukipima kwa bidii kubwa, ila ulipima paneli. Mwaka 1999, Arne Jacobson, Richard Duke, Daniel Kammen na Hankins walikagua paneli ndogo zilizokuwa zikiuzwa Kenya, wakakuta aina moja ikitoa nguvu pungufu sana kuliko ilivyoandikwa. Kazi yao ilisaidia kusukuma ubora na viwango. Ilikuwa kazi ya manufaa isiyopaswa kubezwa. Hata hivyo mnunuzi wa Kisii aliyenunua paneli nzuri aliiunganisha na betri ambayo hakuna aliyeikagua tangu ilipotoka kiwandani, pengine miezi mingi iliyopita, ikijipunguzia nguvu rafuni. Jacobson mwenyewe alionyesha katika utafiti wa 2007 kwamba sola ya nyumbani Kenya ilifuata zaidi runinga, redio na mawasiliano. Mzigo wa jioni ulitua juu ya betri, na taa ya mwanafunzi ilipata kilichobaki.

Serikali iliingia mwaka 2012 kwa kanuni za mifumo ya sola chini ya Tume ya Kudhibiti Kawi. Fundi akatakiwa kuwa na leseni: T1 kwa mifumo midogo, T2 kwa ya kati, T3 kwa mikubwa na inayoungana na gridi. Chuo Kikuu cha Strathmore ni miongoni mwa vilivyofunza mafundi hao. Kupima betri kukawa somo lenye mtihani.

Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, M-KOPA ilianza kuuza sola kwa malipo madogo ya kila siku kupitia M-PESA, huduma iliyokuwa na umri wa miaka mitano. Ndani ya kisanduku palikuwa na laini ya simu. Hali ya betri na matumizi ya mteja vilitumwa hewani hadi kwenye kompyuta za kampuni, na kwa mara ya kwanza afya ya betri iliyo chini ya meza ingeweza kujulikana na mtu aliye mbali kabla ya mwenye nyumba kuijua. Matatizo yaligunduliwa mapema na betri zikabadilishwa. Ujuzi wenyewe ulihama. Fundi wa kituoni, aliyekuwa akifungua vifuniko na kueleza anachokiona mbele ya familia, hakuwa na nafasi katika mpango huo.

Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 50.4 ya kaya za Kenya zikitumia stima ya gridi kwa mwanga na asilimia 19.3 zikitumia sola. Mradi wa Last Mile, uliozinduliwa mwaka 2015, ulikuwa umeshusha gharama ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyaya zikaingia katika vijiji vya Kisii na Nyamira. Betri haikuondoka. Radi zinazokata stima alasiri, na giza lililofunika karibu nchi nzima usiku wa 25 Agosti 2023, zimeifanya irudi kama akiba ya nyumba ambazo tayari zina mita ya stima.

Betri iliyokufa nayo ina safari yake. Risasi ni mali, na mnunuzi wa vyuma vikuukuu huilipia kwa kilo. Hapimi volti; betri iliyochoka kidogo tu na inayoweza kuhuishwa kwa chaji ndefu ya taratibu hupata bei moja na iliyokufa kabisa. Mwisho mbaya wa safari hiyo ulionekana Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kilichofanya kazi kati ya 2007 na 2014 kilitia sumu hewa, udongo na damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo na mtoto wake akapata sumu ya risasi, aliongoza mapambano ya wakazi na kupewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kila betri inayotupwa kabla ya wakati kwa sababu hakuna aliyeipima sawasawa huongeza mzigo mmoja kwenye mnyororo huo, na asidi inayomwagwa ili kupunguza uzito wa kubeba huishia kwenye mtaro unaoteremka mtoni.

Sasa imefika lithiamu. Betri za lithiamu na fosfati ya chuma, zilizotokana na utafiti wa kundi la John Goodenough huko Texas katika miaka ya 1990, zinaziondoa zile za risasi kwa kasi katika maduka ya sola. Ni nyepesi, hazichukii kuachwa nusu, na huvumilia maelfu ya mizunguko. Tabia hizo zinalifaa anga la Masimba kuliko risasi ilivyowahi kufaa. Lakini volti yake karibu haisogei. Betri hiyo ya volti 12.8 ikishuka kutoka karibu kujaa hadi karibu kwisha, kipimo chake hubadilika kwa sehemu chache tu za kumi za volti. Njia ya mwisho aliyobakiwa nayo fundi wa mita imefungwa pia. Ndani kuna bodi ndogo ya kielektroniki inayolinda seli na kukata mkondo, na kama ina programu ya simu, inaonyesha asilimia ambayo yenyewe imekadiria.

Inabaki njia moja ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuiziba: kuipa betri kazi na kuangalia saa. Ijaze kabisa. Iache itulie. Iunganishe na balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55, inayovuta kama ampea 4.6, uandike muda. Betri nzima ya risasi ya saa-ampea 100 inapaswa kuiwasha karibu saa 22 kabla ya kushuka hadi volti 10.5, kikomo kilekile ambacho viwanda vyenyewe hukitumia kuandika namba kwenye karatasi. Ikiiwasha kama saa 17, imefika karibu asilimia 80, mpaka ambao wahandisi huuhesabu kuwa mwisho wa utumishi wake kamili. Ikiiwasha saa saba, hakuna cha kubishania. Muda lazima uwe mrefu: Mjerumani Wilhelm Peukert alionyesha tangu 1897 kwamba betri ya risasi ikikamuliwa haraka hutoa jumla ndogo kuliko ikikamuliwa polepole, kwa hiyo jaribio la dakika kumi kwa mzigo mzito, kama cheche, halimpi mnunuzi namba ya kweli. Kwa lithiamu kazi ni hiyohiyo, ila kikomo cha volti ni kingine, na mita ndogo ya kuhesabu saa-ampea hurahisisha kuandika. Ikiandikwa 100 kwenye sanduku la betri mpya na mita ikahesabu 60, maandishi hayo si ya kweli.

Vifaa vya jaribio hilo vinapatikana Keroka na Kisii mjini katika maduka ya vipuri vya gari. Kinachokosekana ni malipo. Jaribio linashika betri mchana na usiku, betri inahitaji kuchajiwa tena baadaye, na mteja wa Masimba amezoea kulipia kitu kilichobadilishwa, hajazoea kulipia namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Anayeweza kulibeba kwa urahisi zaidi ni muuzaji, mwenye chaja, rafu na nafasi ya kuiacha balbu ikiwaka usiku kucha, kabla hajatia muhuri wa dhamana kwenye risiti.